Nyumbani Ndiko Kwenye Muda wa Kufikiri Hesabu

Katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Je, nahodha ana umri wa miaka mingapi? Watafiti wa ufundishaji wa hisabati wa Grenoble, nchini Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule ya msingi swali hili, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1980: kati ya watoto 97, watoto 76 walitaja umri wa nahodha kwa kuzifanyia hesabu namba zile mbili za mifugo.

Niliwapa wanangu swali hilohilo tukiwa tunachambua mchele. Mdogo, aliye darasa la tatu, alijibu 36 kabla sijamaliza kulisoma. Dada yake wa darasa la sita alinyamaza kwanza, akaniangalia, kisha akasema, "Mama, ni 36, kwa sababu ukitoa unapata 16, na mtu wa miaka 16 hawezi kupewa meli." Jibu la dada lilinifikirisha kuliko la mdogo wake. Lilionyesha akili nzuri, inayopima na kulinganisha, ikifanya kazi ndani ya imani mbovu kwamba kila swali la hesabu ni namba mbili zinazosubiri alama iwekwe katikati yake, na kwamba habari iliyozizunguka namba hizo ni pambo tu.

Imani hiyo ina chanzo chake, na chanzo hicho si uvivu wa watoto. Katika vitabu vingi vya shule ya msingi maswali ya mafumbo huwekwa mwishoni mwa mada. Mtoto amefanya maswali ya kutoa ukurasa mzima, kisha anakutana na fumbo linalosimulia habari za mkulima na magunia yake ya mahindi. Ana haja gani ya kumsikiliza mkulima huyo, ilhali kichwa cha mada kimeshamwambia kwamba leo tunatoa? Anachukua namba kubwa, anatoa ndogo, anapewa tiki. Mwalimu naye, ambaye kwa kiwango kilichowekwa nchini kwetu Tanzania anapaswa kuwa na wanafunzi 45 lakini mara nyingi ana wengi kuliko hao, hana namna ya kuketi na mtoto mmoja kwa dakika kumi akimsubiri afikiri. Sisemi hivi ili kumlaumu mwalimu. Nasema kwa sababu hapo ndipo nyumbani panapokuwa na kitu ambacho darasa limekikosa, nacho ni muda wa kusubiri. Ninaamini kwa dhati kwamba mchango mkubwa wa mzazi katika hesabu za mtoto ni kuulinda muda huo, hata kama yeye mwenyewe amezisahau kanuni zote alizofundishwa.

George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mwaka 1945 hatua nne za kutatua swali la hisabati: kulielewa, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, kisha kurudi nyuma na kulichunguza jibu. Tukitazama kazi za nyumbani za watoto wetu tutaona kwamba hatua ya tatu ndiyo inayofanywa karibu peke yake. Ndiyo maana mazoezi yetu ya jioni nimeyaelekeza zaidi kwenye hatua ya kwanza na ya mwisho, na mara nyingi yanaishia kwenye swali moja au mawili tu.

Chukua fumbo hili: Asha ana maembe 12. Ana maembe 5 zaidi ya Juma. Je, Juma ana maembe mangapi? Mtoto aliyezoezwa kuwinda maneno, akaambiwa kwamba "zaidi" na "jumla" ni kujumlisha na kwamba "baki" ni kutoa, ataandika 17 bila wasiwasi wowote. Mwanangu wa darasa la tatu aliandika 17. Sikumwambia kwamba amekosa; nilimwomba anisimulie habari hiyo bila kutaja namba hata moja. Akasema, "Asha ana maembe, na Juma ana maembe." Nikamuuliza ni nani kati yao anayeweza kumringia mwenzake. Alirudi kusoma, midomo ikichezacheza, kisha akasema kwamba ni Asha, kwa sababu ya kwake ni mengi. Nikamwomba achore. Alichora mstatili mrefu wa Asha, na chini yake mstatili mfupi wa Juma, akaandika 12 kwenye ule mrefu, na kile kipande kilichozidi akakitia kivuli na kukiandikia 5. Alipotaka kuandika 17 kwenye ule mfupi, penseli ilisimama. "Haiwezekani," akasema, na akachukua ufutio.

Michoro ya namna hii imekuwa sehemu ya ufundishaji wa hisabati nchini Singapore tangu miaka ya 1980, na watoto wa huko huianza wakiwa wadogo kabisa, baada ya kushika na kupanga vitu halisi na kabla ya kufikia alama tupu. Haihitaji kifaa chochote zaidi ya penseli na karatasi, au kijiti na mchanga wa uani. Faida yake kubwa, kwa jinsi ninavyoiona, ni kwamba inampa mtoto mahali pa kujikosoa mwenyewe. Mama akisema "umekosa", mtoto hubadilisha alama ya kujumlisha akaweka ya kutoa na kumtazama mama usoni ili aone kama sasa amepatia. Mchoro ukimkatalia, hana uso wa kuusoma. Inambidi airudie habari yenyewe.

Kumsimulisha mtoto bila namba, kisha kumchorisha, ni mambo mepesi kuyaeleza. Kusubiri ndiko kugumu. Ukimya wa mtoto anayefikiri na ukimya wa mtoto aliyekwama hufanana kwa mbali, na mzazi aliyetoka kazini akiwa amechoka huona njia ya haraka ni kumwambia "hapo unagawanya". Neno hilo moja humaliza swali lote, kwa sababu kujua kwamba hapo ni kugawanya ndiyo kazi yenyewe ya kutatua, na kinachobaki baada yake ni ukokotoaji tu. Nikihitaji kusema kitu, huuliza: swali linataka nini? Nini umeshapewa? Je, jibu linaweza kuwa kubwa kuliko hili? Mtoto akikwama kabisa, namwachia swali hadi kesho yake. Mara nyingi hurudi asubuhi akiwa anavaa soksi na kusema, "Mama, lile swali la jana nimeliona."

Kanuni nazo zinahitaji kupimwa kwa habari zenye maana. Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kizuri kinachokaa kichwani maisha yote, lakini kina mtego ambao watoto wengi hunaswa nao. Mpe mtoto 20 − 8 + 5. Kwa kuwa JU inatangulia TO, atajumlisha 8 na 5 apate 13, kisha atoe 13 kwenye 20, na ataandika 7 kwa uhakika kabisa, tena akiwa na kanuni mkononi ya kujitetea. Jibu sahihi ni 17, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, na vikifuatana hufanywa kwa mpangilio wake kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo.

Ningeweza kumweleza binti yangu maneno hayo, naye angeyakariri kama alivyoikariri MAGAZIJUTO. Badala yake nilimwambia kwamba alikuwa na shilingi elfu 20, akatumia elfu 8 kununua kandambili, kisha bibi yake akampa elfu 5. Alisema papo hapo kwamba ana elfu 17. Nikamwomba aiandike habari hiyo kwa alama za hesabu. Aliandika 20 − 8 + 5, akaitazama, akalitazama lile jibu la 7 aliloliandika dakika chache kabla, na akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama na GAZI ina tatizo hilo. Tukatunga habari nyingine: maandazi 24 yamegawanywa sawasawa kwenye sahani 6, wewe ukachukua sahani 2. Una maandazi 8. Anayeanza kuzidisha 6 kwa 2 kwa sababu ya hesabu ya 24 ÷ 6 × 2 atapata andazi 2, na hakuna mtoto atakayekubali kupunjwa namna hiyo mezani.

Watoto wetu wengi wana hesabu ambazo hatuzihesabii. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti walioufanya Recife, nchini Brazil, pamoja na watoto wachuuzi wa mitaani na masokoni. Watoto hao walikuwa watano tu, wa umri wa miaka 9 hadi 15, lakini walichoonyesha kimenigusa sana kama mzazi. Wakiwa kwenye biashara zao, watafiti wakijifanya wateja, walipatia asilimia 98 ya maswali. Walipopewa baadaye maswali ya mafumbo walipatia asilimia 74, na hesabu tupu za kimadarasa, za namba na alama, asilimia 37. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10 ikiwa nazi moja ni kruzeiro 35, fedha ya Brazil ya wakati huo. Hakuongeza sifuri mwishoni kama tunavyofundishwa. Alisema tatu ni 105. Tatu nyingine, 210. Akatafakari kwamba zimebaki nne, akafika 315, kisha 350.

Nenda kwenye genge lolote la mtaani kwetu Morogoro jioni utamkuta mtoto wa namna hiyo. Mteja ananunua nyanya, vitunguu na dagaa wa shilingi 3,700, anatoa noti ya 5,000. Mtoto anaweka mia moja mkononi mwa mteja, "elfu tatu mia nane", anaweka mia mbili, "elfu nne", anamalizia na noti ya elfu, "elfu tano", na chenji imekamilika. Mtoto huyohuyo darasani anaandika 5,000 − 3,700 kwa kupanga, anakopa kutoka kwenye sifuri, anasahau alichokopa, na anapata 2,300. Mzazi anayemwona mwanawe akirudisha chenji bila kukosea asiseme kwamba ni mambo ya dukani. Amwambie akae chini, aandike kwenye daftari kile alichokifanya kwa mkono: 100 + 200 + 1,000. Hiyo ni kutoa kwa njia ya kupanda, ni hisabati halali, na mtoto akiishaona kwamba njia yake ina heshima ya kuandikwa ataitumia kuikagua ile ya kukopa.

Nyumbani kuna maswali mengine ambayo hakuna kitabu kitakachoyatunga. Mwanzoni mwa mwezi mmoja nilinunua umeme wa shilingi 10,000 nikapata uniti 23.9, na siku chache baadaye nikaweka kiasi kilekile nikapata uniti 28.1. Binti yangu, ambaye ndiye huingiza namba za tokeni kwenye mita, aliziona tofauti hizo na kutangaza kwamba tumeibiwa. Nilimwomba anitafutie tumeibiwa shilingi ngapi. Alianza kwa kutoa, akapata uniti 4.2, kisha akakwama, kwa kuwa alichotaka ni shilingi. Alizunguka nalo jikoni na uani. Hatimaye akaniuliza uniti moja ni shilingi ngapi, nikamjibu kwamba hilo analo tayari kwenye karatasi yake. Aligawanya 10,000 kwa 28.1 akapata karibu 356, akazidisha kwa 4.2, akapata 1,495. Ndipo nilipomfungulia ujumbe wa simu wa manunuzi ya kwanza, wenye makato ya kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, mfumo wetu wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Makato yalikuwa shilingi 1,500.

Wengi tungeishia hapo kwa furaha. Yeye alizing'ang'ania zile shilingi 5 zilizopungua, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Jioni alikuja na maelezo kwamba uniti kwenye ujumbe huandikwa kwa nafasi moja tu ya desimali, kwa hiyo kuna vipande vilivyoachwa, na vipande hivyo vinapozidishwa kwa shilingi 356 huleta tofauti. Hiyo ni hatua ya nne ya Pólya, imefanywa na mtoto wa darasa la sita bila kuagizwa, kwa sababu jibu lilikuwa na mahali pa kulinganishwa nalo.

Kwa upande wa saa na safari ninakumbana na kosa moja ambalo nawaomba wazazi wenzangu waliangalie. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, watoto wanaijua, wanazijua na kasi zake. Tuseme njia ni kilomita 460 na treni inakwenda kilomita 160 kwa saa bila kusimama popote. Ukigawanya unapata 2.875. Mtoto ataandika saa 2 na dakika 87, au hata 875. Muulize tu: dakika 87 zinazidi saa moja au hazizidi? Atacheka mwenyewe, na hapo ndipo pa kumwambia kwamba 0.875 ni sehemu ya saa, akaizidishe kwa 60, apate dakika 52 na nusu. Kosa hilohilo hujificha kwenye kutoa saa 4:30 katika saa 8:15 kana kwamba ni desimali.

Sasa niseme kuhusu wingi wa mazoezi, maana wazazi wengi hupima bidii ya mtoto kwa kurasa. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakijifunza kutafuta ujazo wa maumbo. Waliofanya maswali ya aina moja mfululizo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa aina za maswali walipata asilimia 60. Mtihani ulipofanyika wiki moja baadaye, wale wa kwanza walipata asilimia 20 na wale waliochanganyiwa asilimia 63. Ukurasa uliojaa tiki unaweza kumdanganya mzazi, na ukurasa wenye makosa kadhaa unaweza kuwa ndio unaojenga. Mimi huchukua mitihani iliyopita, nakata maswali moja moja, ya sehemu, asilimia, eneo, faida na hasara, saa, yote pamoja, nayatia kwenye kopo tupu la maziwa. Mtoto huchomoa moja, na kabla ya kuandika chochote hunieleza ni swali la namna gani na amejuaje. Mara nyingine tunaishia hapo, halikokotolewi kabisa.

Jedwali la kuzidisha, lile lililo nyuma ya daftari, lazima likaririwe. Sikubaliani na wanaosema kukariri kumepitwa na wakati. Mtoto anayehangaika kutafuta 7 mara 8 katikati ya fumbo refu husahau fumbo lilikuwa linasema nini. Kinachonipa faraja ni kwamba kazi hiyo inafanyika vizuri njiani kwenda shule.

Kuna wazazi watakaosoma haya wakisema kwamba mimi ni mhasibu, namba ni kazi yangu, na wao hesabu ziliwashinda. Naomba wanisikilize hapa. Utafiti wa Erin Maloney na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani, ulionyesha kwamba watoto wa wazazi wenye hofu ya hisabati walijifunza kidogo kuliko wenzao katika mwaka ule wa shule, lakini pale tu ambapo wazazi hao walisaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Sidhani kwamba dawa ni mzazi huyo kujitenga. Anayeogopa kufundisha bado anaweza kusikiliza, na kazi zote nilizozieleza hapo juu ni za msikilizaji: nisimulie, nichoree, umejuaje, hebu hakikisha. Mama anayeuza vitumbua anajua kiasi cha mchele, mafuta na sukari kinachoingia kwenye faida ya siku. Akimwachia mwanawe atafute kwa nini Jumamosi faida ilipungua, amempa swali lenye hatua nyingi kuliko mengi yaliyomo kitabuni. Neno moja tu nawasihi walizuie mbele ya watoto, lile la kusema kwamba katika ukoo wetu hesabu hazipandi.

Kwa wenye watoto katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza, mjadala wa swali ufanyike kwa lugha ambayo mtoto anaiota. Mtoto akishindwa fumbo la Kiingereza, msomeeni kwa Kiswahili kwanza. Akilitatua, mmejua kwamba shida yake ni lugha, na mtamsaidia kwenye lugha. Asipolitatua, mmejua kwamba mna kazi ya hisabati. Watoto wetu wengi wa shule za serikali, wanaosoma kwa Kiswahili, nao watahamia kwenye Kiingereza wakifika kidato cha kwanza, na Hisabati kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo ni vema tabia ya kulitafsiri swali kichwani ianze mapema.

Binti yangu anakaribia mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na najua kwamba huko hakuna atakayemsubiri. Katika miezi ya mwisho tutatumia saa ya ukutani, na atafanya karatasi nzima kwa muda uliopangwa, siku ya Jumamosi asubuhi akiwa hajachoka. Jumapili tutayarudia yale aliyoyakosa pekee, bila saa, moja baada ya jingine, akinisimulia kwanza kila swali linasema nini.